Nilivyopata tiketi za Idd baada ya kuambiwa zimekwisha

Mimi ni fundi cherehani. Baraza yangu iko Majengo, Dodoma, si mbali na soko, na Ramadhani kwangu ni mwezi wa kufunga na wa kutolala. Likishaingia kumi la mwisho, watu wanaleta vitambaa kama vile Idd wameisikia jana. Kanzu, madira, gauni za watoto zenye marinda matatu, sare za familia nzima kuanzia bibi mpaka wa kubebwa. Na kila mmoja neno lake ni lile lile: "Fundi, mimi yangu iwe tayari mapema."

Kwa hiyo gari la matangazo lilipopita mtaani sikulisikia. Aliyelisikia ni binti yangu wa miaka tisa. Akaingia mbio, akanisimamia mbele ya cherehani na kunikariria tangazo zima bila kuruka neno, mpaka ile "njooni wote, msikose" akaitoa kwa sauti nzito ya yule mtangazaji.

Bustani moja ya michezo nje kidogo ya mji, jina naliacha, ilikuwa imeandaa jioni mbili za watoto, Idd Mosi na Idd Pili, kuanzia saa 9 alasiri. Magari ya kugongana, treni ya watoto, jumba la kurukia, kuchorwa usoni. Na kitu kipya ambacho ndicho kilichomtoa binti yangu akili: chumba cha giza, chenye mifupa ya plastiki inayoning'inia na mtu aliyevaa sanda anayekurupuka kutoka kona. Wenzetu Marekani wana siku yao ya kutishana, Halloween, tarehe 31 Oktoba, na viwanja vyao vya michezo hujaza watu wanaolipa hela nzuri ili waogopeshwe. Huku kwetu mtu kaona akiweke kwenye Idd. Mama yangu aliposikia aliuliza, "Mnalipa kwenda kutishwa? Mimi fisi walinitisha bure."

Kiingilio kilikuwa shilingi 10,000 mtoto na 5,000 mkubwa. Wangu wawili, mtoto wa kaka yangu ninayeishi naye, na mimi: 35,000. Nikasema sawa, tutakwenda, lakini ngoja Alhamisi wateja waanze kuchukua nguo. Hela ya fundi inakuja nguo inapotoka. Kabla ya hapo unakuwa na advansi tu, na advansi imeshageuka uzi, zipu na lesi. Hapo ndipo nilipokosea.

Alhamisi baada ya futari nikaingia kwenye simu. Utaratibu ulikuwa rahisi: unatuma hela kwenye namba yao, unarudishiwa meseji yenye jina lako na namba za tiketi, getini wanakagua meseji na kuwafunga watoto utepe mkononi. Kabla sijatuma nikaona niwapigie kwanza, maana mimi hela siitumi gizani. Akapokea msichana mwenye sauti ya upole.

"Dada, zimekwisha."

"Zote? Mosi na Pili?"

"Zote, dada. Tangu juzi."

"Mbona gari lenu limepita hapa mchana huu linatangaza?"

Akanyamaza kidogo. "Gari lililipiwa wiki nzima, dada."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Tiketi kuisha si kosa. Kitu kizuri kinaisha. Kilichoniuma ni kwamba kwenye ukurasa wao walikuwa wameandika "zimebaki chache" siku tano mfululizo, hata siku ambayo hakikubaki kitu. Laiti wangesema mapema zimebaki ngapi hasa, ningekopa kwa jirani siku ya kwanza. Na gari likaendelea kupita. Ijumaa lilipita mara mbili. Kila likipita, wale watoto watatu wananitazama, mimi natazama sindano.

Nilipowaambia, wa kiume wa miaka sita alilia kama nilivyotarajia. Binti yangu hakulia. Alikuwa anakula tende, akasema "Sawa, mama," akaendelea kula. Angelia ingekuwa nafuu.

Usiku ule ule nikafanya ujinga. Kuna kijana huzurura pale mtaani na simu tatu, namjua kwa sura. Akaniambia anazo tiketi za Idd Pili, mtoto 20,000. Bei mara mbili! Nikamwomba anionyeshe, akanitumia picha ya kioo cha simu: meseji ya bustani, jina, namba za tiketi, ya mwisho ikiishia na 47. Nikampa advansi ya 10,000. Kesho yake nikamwonyesha fundi mwenzangu wa baraza ya pili, na yeye akafungua simu yake akanionyesha picha hiyo hiyo, na ile 47. Alikuwa ametoa 15,000. Tulicheka, si kwa furaha. Kijana simu zote tatu hazipatikani, na ile elfu kumi nimeshaiandika kwenye hesabu za maji.

Ijumaa usiku nilikuwa nakata kanzu. Mteja mmoja, baba mtu mzima wa Chang'ombe, akauliza swali ambalo kila mtu huuliza siku zile: "Fundi, Idd Jumapili au Jumatatu?" Nikamjibu kama wanavyojibu wote, kwamba mwezi utaangaliwa Jumamosi jioni, ukiandama ni Jumapili, usipoandama tunakamilisha thelathini na Idd ni Jumatatu. Akatikisa kichwa, "Mimi tiketi ya basi nimekata ya Jumanne, sijui itakuwaje."

Mkasi ukanisimama mkononi.

Tiketi za bustani zilikuwa zimeandikwa Idd Mosi na Idd Pili, hazikuandikwa tarehe. Walifanya vile kwa busara, maana nani ajuaye? Mwezi wa Kiislamu ni siku 29 au 30, na mpaka Mufti atangaze usiku ule, Idd haina siku. Lakini basi lina tarehe. Treni ina tarehe. Ofisi ina tarehe. Mwezi usipoandama Jumamosi, Idd Pili inahama kutoka Jumatatu kwenda Jumanne, na mtu aliyepanga kusafiri Jumanne akiwa na tiketi za watoto za Idd Pili, atakwama nazo. Na mji wetu huu una wageni wengi waliohamia kikazi tangu serikali ilipohamia. Sikukuu wengi wao wana safari.

Na nguo zao ziko kwangu.

Nikavuta daftari la vipimo. Kuanzia Jumamosi asubuhi, kila mteja aliyekuja kujaribu nguo nilimuuliza mambo mawili huku nimeshika futi kamba: watoto watakwenda wapi sikukuu, na safari lini. Hakuna anayeshangaa fundi akiuliza, maana kwa fundi watu husema mpaka ya ndani. Majibu nikayaandika pembeni ya vipimo. Ukurasa mmoja ninao mpaka leo: "kifua 38, kiuno 32, urefu 56, mkono robo, BUSTANI PILI watu 5, Jnne treni saa 8." Huyo ni mama mmoja wa Kisasa, mteja wangu wa mwaka wa tatu, mfanyakazi wa ofisi, mtu wa kwao Dar. Alikuwa amenishonea oda ya nguo nne, na deni lililobaki kwake lilikuwa 60,000.

Nimesoma hapo juu naona nimeandika "alikuwa amenishonea". Mimi ndiye niliyemshonea. Niacheni, bado nina usingizi wa Ramadhani.

Jumamosi jioni Dodoma ilikuwa na mawingu. Mwezi Machi mvua zetu bado hazijaaga, na upande wa magharibi kulikuwa kumeziba kama pazia. Watoto walipanda juu ya tofali, watu wazima wakasimama barabarani wameshika kokwa za tende. Hakuna aliyeona kitu, lakini mwezi ukionekana popote nchini unatosha, kwa hiyo tukarudi kwenye redio. Wapo majirani wanaofuata mwandamo wa nchi yoyote duniani, na kwao vitunguu vya pilau vilikuwa vimeshaanza kunukia. Sisi tukangoja Mufti. Ilipotangazwa kwamba mwezi haujaandama na kesho tunafunga, mtaa mzima uliguna. Isipokuwa mafundi. Nakuapia, barazani kwetu pale kuna mtu alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti, maana tulikuwa tumeongezewa siku moja na kila mtu ana mlima wa nguo. Mimi nilisema yangu kimoyomoyo, kwa sababu mbili.

Sikungoja. Nikampigia mama wa Kisasa.

"Mama, shikamoo. Zile tiketi za bustani za Idd Pili utazifanyaje?"

"Marahaba. Hee, fundi, umejuaje? Hapa ndiyo tunaulizana. Idd Pili imekwenda Jumanne, sisi saa 8 tuko kwenye treni."

Alikuwa na tiketi nne za watoto na moja ya mkubwa, jumla 45,000. Bustani walikuwa wameshamwambia hela hairudi. Nikamwambia mimi nahitaji za watoto tatu na ya mkubwa, na badala ya kumtumia hela nitazikata kwenye deni lake la ushonaji. Akasema hatagawa, nichukue zote au ampe shemeji yake. Nikapiga hesabu haraka: yule fundi mwenzangu wa 47 ana mtoto mmoja wa kike. Nikachukua zote.

Akasema, "Basi nakutumia meseji sasa hivi."

Nikamwambia, "Hapana mama, usinitumie." Nilikuwa nimeshaumwa na nyoka, sasa hata ung'ongo naukimbia. Meseji inaweza kupelekwa kwa watu kumi, na atakayefika getini kwanza ndiye mwenye tiketi. Simsingizii yeye, lakini ana watoto wakubwa wenye simu na marafiki. Nikamwomba Jumapili akija kuchukua nguo tupige simu bustani tukiwa pamoja.

Akaja saa 4 asubuhi, akakaa kwenye kile kigoda changu chenye mguu mfupi, simu tukaiweka mezani ikiwa imefunguliwa sauti. Akapokea yule yule msichana mpole. Mama akataja jina lake na namba za tiketi, akasema anazihamishia kwa fundi wake. Msichana akaenda kumuuliza mkubwa wake, tukasubiri tukisikia mtu anapigilia misumari upande wa pili. Akarudi, akachukua jina langu na namba yangu. Dakika chache baadaye meseji mpya ikaingia kwenye simu yangu, namba tano mpya, na ya kwake ya zamani ikafutwa. Haikugharimu hata senti. Ni jambo ambalo ningeweza kumdai na yule kijana wa simu tatu, na angekimbia kabla hajachukua changu.

Mama akalipa 15,000 iliyobaki, akajaribu dira, akalalamika mkono umebana, nikaufumua pale pale.

Jumanne tulipanda bajaji wote watano, yaani mimi na wanne. Gauni la binti yangu, sateni ya bluu, lilikuwa halijapigwa pindo. Nilishona za watu mpaka alfajiri ya Idd, la kwake nikalishikiza kwa pini nne, nikamwambia asikimbie. Getini mzee mlinzi nikamsalimu "mbukwenyi" kwa Kigogo, akafurahi, akatufunga tepe mwenyewe.

Kwenye foleni nikaanza kuona kazi zangu. Kanzu ndogo mbili za mapacha. Gauni la njano lenye marinda matatu. Lile la waridi ambalo nililitia zipu nyekundu saa 8 za usiku kwa kuwa za waridi zilikuwa zimeisha, na mama yake hajagundua mpaka leo. Nilihesabu tisa kabla sijafika kwenye magari ya kugongana. Kila mama niliyekutana naye ananiita "fundi", na macho yangu yanakwenda kwenye mishono, sisikii anachosema.

Yule wa miaka sita alifika mlango wa chumba cha giza, akasikia kelele za ndani, akasema yeye anataka treni. Binti yangu aliingia na wenzake wawili. Nikabaki nje nimeshika viatu vya watu na mfuko wa ubuyu. Zikapigwa yowe, moja naijua ni ya kwangu. Kisha akatoka mbio, jasho linamtiririka, pini zimebaki mbili, pindo la mbele kalikusanya mkononi.

"Umeogopa?"

"Kidogo. Lakini mama, yule mwenye sanda, sanda yake inatoka nyuzi pembeni. Haijapigwa overloki."