Kitanda cha Kamba, Kisima na Vidonda vya Tumbo

Kwa muda wa miaka 12 mama yangu alijinyima pilipili, ndimu, embe mbichi na achari, kwa sababu kila aliyemwona akijishika chembe ya moyo alimwambia kwamba vidonda vya tumbo hutokana na ukali wa chakula. Alizishika nasaha zile kwa uaminifu mkubwa, lakini tumbo halikutulia: kiungulia kilimwamsha usiku, akila matonge machache huhisi ameshiba, na maumivu yakimrudia kila anapokaa na njaa. Siku tuliyomvusha kutoka Pemba kuja Unguja kupimwa, daktari hakuanza kwa kumuuliza alichokula wiki ile. Alimuuliza kuhusu nyumba aliyokulia.

"Mlikuwa mkilala wangapi chumba kimoja, bibi?"

"Wanane, mwanangu. Sisi watano kitanda kimoja cha kamba, waliobaki chini kwenye mkeka."

"Na maji mkiyapata wapi?"

"Kisimani, nyuma ya nyumba."

Nilidhani ni mazungumzo ya kumtoa wasiwasi tu. Majibu ya kipimo cha choo yaliporudi, yakionesha kuwa ana bakteria aitwaye Helikobakta pailori, ndipo nilipofahamu kwa nini aliulizwa vile, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilisoma jambo hili kwa bidii, maana naona watu wetu wengi wanaogopa pilipili wakaacha kuogopa kinachostahili kuogopwa.

Bakteria huyu alitambuliwa mwaka 1982 mjini Perth, Australia, na Barry Marshall na Robin Warren. Wakati ule madaktari waliamini kuwa vidonda vya tumbo husababishwa na mawazo na tindikali iliyozidi, wala hawakukubali kuwa kiumbe chochote kinaweza kuishi ndani ya tindikali ile. Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984, ukuta wa tumbo lake ukavimba kwa maambukizi, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobeli. Siri ya mdudu huyu ni kimeng'enya anachokitoa, yaani kichocheo cha mabadiliko ya kikemikali, ambacho huivunja urea, taka iliyomo mwilini, na kuzalisha amonia, na amonia hiyo huipunguza makali tindikali iliyomzunguka hadi apate kujichimbia katika ute unaoufunika ukuta wa tumbo.

Bakteria huyu huingia mwilini, mara nyingi, utotoni, na asipotibiwa huweza kukaa humo umri mzima. Hupita kwa mate, kwa matapishi na kwa kinyesi kilichofika mdomoni kupitia mikono, chakula au maji. Kwa hiyo mtoto aliye katika hatari zaidi ni yule anayelala kitanda kimoja na wenzake wengi, anayeishi na mzazi au ndugu mwenye bakteria, na ambaye nyumba yao haina maji safi ya uhakika. Nilipoyasoma hayo niliiona nyumba ya bibi yangu: mtungi mmoja, kata moja, na mikono ya watoto wanane ikizama humo mchana kutwa. Mama mzazi akimtafunia mtoto chakula kisha akamtia kinywani, kama walivyofanya wazee wetu kwa mapenzi, naye huweza kumwambukiza bila kujua, kwa kuwa wengi wenye bakteria hawa hawaoni dalili yoyote.

Suala la kisima linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi hapa kwetu. Sehemu nyingi za mashariki ya Unguja na baadhi ya sehemu za Pemba zina ardhi ya mawe ya matumbawe, na maji hupenya upesi katika nyufa zake, hivyo uchafu wa choo cha shimo hauchujwi kama unavyochujwa na udongo mzito. Kisima kikiwa karibu na choo, maji yake yanaweza kuonekana maangavu na bado yasifae kunywewa bila kuchemshwa.

Nimeulizwa na jamaa kama tuache kula sinia moja. Mimi sioni sababu ya kulilaumu sinia. Ninachokisisitiza ni kila mkono unaoingia humo uwe umeoshwa kwa sabuni, khasa baada ya kutoka chooni, na anayepika afanye vivyo hivyo. Pilipili huweza kumwasha mwenye kidonda, lakini haikizalishi. Dawa za maumivu kama diklofenaki, aspirini na ibuprofeni, kinyume chake, ni sababu ya pili kubwa ya vidonda, na anayezimeza mara kwa mara huku ana bakteria huzidisha hatari. Sigara nayo huchelewesha kidonda kupona. Na jambo hili si la maumivu peke yake: tangu mwaka 1994 bakteria huyu amewekwa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, yaani vile vilivyothibitika, ingawa wengi walio naye hawafikii huko.

Mama alitumia omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo, pamoja na antibiotiki mbili kwa siku 14, bila kuruka hata dozi moja, nasi tulikuwa tukimhesabia vidonge kila magharibi. Wiki kadhaa baadaye alipimwa tena choo, na bakteria hakuonekana. Kipimo cha damu kisingefaa kwa kazi hiyo, kwani kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na bakteria, hubaki katika damu hata baada ya bakteria kuondoka.

Sasa ninamshughulikia mama mdogo, aliyelala kitanda kile kile cha kamba. Kwa miaka mingi amekuwa akinunua vidonge vya maumivu ya magoti dukani, na omeprazoli ya kutuliza kiungulia kinachofuata. Nilimweleza kuwa omeprazoli huweza kumficha bakteria asionekane kwenye kipimo, akakubali kwa ushauri wa daktari kuisimamisha. Ameiacha tangu wiki iliyopita, na zikitimia wiki mbili tutampeleka kupimwa.