Nani kawaambia hela ya shule inaisha mwezi wa tano?

Kuna mbongo mwenzetu hapa Texas, mtu mzima kabisa, anajiita mkongwe wa Marekani, kamwambia dada mmoja mgeni kwamba Pell, ile hela ya serikali ya kusomea chuo, inaisha mwezi wa tano, kwa hiyo kiangazi ajilipie mwenyewe ama akae nyumbani. Dada wa watu ana watoto wawili, usiku anabeba boksi kwenye nyumba ya wazee, kashaanza kuzunguka anatafuta wa kumkopesha ada. Nimechukia mno, sasa naandika humu kila mtu asome.

Pell ni hela ya serikali kuu ya Marekani, siyo mkopo, hurudishi, hakuna Bodi ya Mikopo ya kukukata asilimia 15 ya mshahara siku ukipata kazi. Kiwango cha juu kwa sasa ni dola 7,395 kwa mwaka wa masomo, unapewa nusu muhula wa Agosti na nusu muhula wa Januari. Ukisoma fultaimu mihula yote miwili umeimaliza, na hapo ndipo wengi wanafunga daftari. Kumbe sheria inaruhusu upewe mpaka asilimia 150 ya hela yako ya mwaka, maana yake kuna nusu nyingine juu yake, sharti kiangazi usome angalau kredi sita, yaani kama kozi mbili, na ziwe za programu yako, siyo umejiandikisha kozi ya kucheza gitaa.

Mimi kiangazi kilichopita nilichukua Takwimu na Saikolojia, ni za kuingilia unesi. Ikaingia dola 1,848, chuo changu, hivi vyuo vya umma vya miaka miwili wanaita komyuniti koleji, wakakata ada yao mia tano na ushee, iliyobaki wakanitumia benki. Piga mwenyewe kwa hela ya nyumbani. Sikumjua mtu, sikupiga simu kwa mjomba, sikukesha naangalia kama batchi ya pili ya mikopo imetoka. Dada yangu alikuwa Mabibo hosteli enzi zile anasoma chuo, bumu, ile hela ya kujikimu ya Bodi, likichelewa walikuwa wanashindia mihogo, nikimsimulia haya anasema nimeanza uongo wa ughaibuni.

Halafu hii hela ya kiangazi yenyewe ina vituko. Ilianza mwaka wa masomo wa 2009, ikafutwa 2011 kwenye bajeti aliyosaini Obama kwa sababu gharama zilipanda, ikarudi 2017 kwenye bajeti aliyosaini Trump. Wale mnaotoana macho kwenye grupu nani anampenda mhamiaji, endeleeni.

Ila msije mkadhani ni mteremko. Ofisi ya misaada ya fedha ya chuo changu ilinizungusha wiki kadhaa kwa kitu wanaita verifikesheni, yaani kuhakiki uliyojaza kwenye fomu, leta karatasi za kodi za mwaka juzi, leta cheti cha form four, cheti chenyewe kiko kwenye sanduku la mama Tanga, akipige picha na simu yenye kioo kilichopasuka, wao wanasema haisomeki. Na masomo ya kiangazi ni mbio, muhula mzima wanaubana kwenye wiki chache, unatoka shifti saa moja asubuhi, saa tatu una mtihani. Ukiacha katikati kabla hujafika asilimia 60 ya muhula, sehemu ya hela inadaiwa. Pia ina mwisho, mihula 12 ya fultaimu kwa maisha yako yote, na kiangazi kinahesabiwa humo humo.

Sasa mnaojaza bahati nasibu ya grinikadi, hapa msikilize vizuri. Mwenye grinikadi anapata, mkimbizi aliyepokelewa anapata, aliyepewa hifadhi anapata. Mwenye viza ya mwanafunzi hapati hata senti, na ajenti yeyote wa Kariakoo anayekwambia lipa milioni kadhaa akuunganishie Pell ni tapeli, fomu yake inaitwa FAFSA na kuijaza ni bure. Na lingine linalowauma wengi: ukiwa tayari na digrii ya kwanza, hata kama ni ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, Pell huna. Kuna kaka namjua ana digrii ya uhasibu, anasukuma wazee kwenye viti vya magurudumu, na unesi analipa mfukoni mwake, wakati mimi wa form four nasomeshwa. Inauma lakini ndiyo sheria, na kuificha hiyo digrii kwenye fomu ya serikali ni kesi, tena kesi inayoweza kukugharimu makaratasi.

Dada yule nimeshampa namba ya ofisi ya chuo chake, aulize swali moja tu: kiangazi hiki mnakihesabu mwaka wa masomo unaoisha au unaoanza? Kila chuo kina utaratibu wake na hesabu yake inabadilika hapo. Na wewe binamu uliyeniandikia kuhusu kiwanja cha Kibaha baada ya kusikia nimerudishiwa hela, hiyo imeshaishia kwenye kodi ya nyumba na vitabu, niache.