Mabao Matatu ya Sopu

Mimi si mtu wa mpira kihivyo. Ligi naifuata kwa kusikiliza watu wakibishana kwenye daladala. Lakini Jumamosi ile, tarehe 2 Julai 2022, niliacha shughuli zangu Buguruni, nikalipa kiingilio, nikaingia kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira kwenye runinga. Coastal Union ya kwetu Tanga ilikuwa inacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Yanga, kule Sheikh Amri Abeid, Arusha.

Mle ndani ilikuwa kijani na njano, rangi za Yanga, mpaka mlangoni. Nikabanwa kwenye benchi la nyuma, chini ya feni isiyozunguka, kimya. Yanga ile ilikuwa imetoka kubeba ubingwa bila kupoteza hata mechi moja ya ligi. Sisi mwaka 2016 tulishuka daraja timu zote tatu za Tanga kwa mpigo: Coastal, African Sports na Mgambo JKT. Tangu hapo, ukianza mpira kijiweni, mimi nilikuwa nauliza habari za bei ya mchele.

Abdul Suleiman Sopu akafunga. Nikameza mate, nikatulia. Yanga walipofunga, kibanda kikatetema. Sopu akafunga tena. Lilipoingia la tatu, lake peke yake yote matatu, nikajikuta nimesimama juu ya benchi napiga kelele jina la utani la Coastal, "Wagosi wa Kaya!" Vichwa vyote vikageuka. Sikushuka.

Dakika 120 zikaisha 3–3. Kwenye matuta tukafungwa 4–1, na koo likanikaba kama nimefiwa. Sikuwa najua kama jambo lile liko ndani yangu kiasi kile.

Wakati watu wanatoka wakiimba, mzee mmoja mwenye jezi ya njano iliyopauka mabegani akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mgosi, poleni. Leo mmetutoa jasho."

"Asante, mzee wangu. Hongereni."

"Tanga sehemu gani?"

"Ngamiani," nikasema, na maneno yakaendelea kunitoka bila kuulizwa: ubingwa wa mwaka 1988, marehemu baba alivyokuwa akinibeba mabegani kwenda uwanja wa Mkwakwani, shati lake jekundu lililonuka karafuu na jasho. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, watu wakitupita huku na huku.

Nje nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeuona mpira?"

"Nimeuona. Wametutoa kwa penalti."

"Kaka yako yuko barazani, chakula hataki." Akanyamaza kidogo. Mama hajawahi kukanyaga uwanjani, ila redio alikuwa ameifungulia tangu alasiri. "Hivi huyo Sopu ni mtoto wa nani?"

"Simjui kwao, mama. Ila leo ni wetu."

"Basi Mungu amtunze," akasema, nikamsikia anamwita kaka aje ale.