Chuo nimemaliza, maji bado ya moto

Tangu mahafali yapite, simu zote zinaanzia kwenye salamu na kuishia mahali pamoja: "Sasa uko wapi?" Hakuna anayeuliza nilipo. Wote wanajua nipo Fuoni, Unguja, chumba kilekile nilichopanga nilipokuwa nasoma. Wanataka kujua nimeajiriwa wapi. Nikijibu kwamba bado natafuta, upande wa pili kunakuwa kimya kidogo, kisha naombewa dua. Nazipokea dua hizo kwa moyo wote, maana nazihitaji.

Nina shahada ya uzamili ya sayansi za bahari. Nilipokuwa naisomea, kila jambo lilikuwa na tarehe yake: pendekezo la utafiti, kukusanya data, rasimu ya kwanza, kutetea tasnifu, masahihisho, nakala za jalada gumu. Nilichoka, na zipo siku nililia, lakini nilijua Jumatatu naamkia nini. Sasa naamka na adhana ya alfajiri na hakuna anayenidai chochote. Sikujua kwamba mtu anaweza kuogopa siku kwa sababu tu iko tupu.

Nafasi za serikali zinazonihusu zaidi ni za Afisa Uvuvi Daraja la II, na sifa inayotakiwa pale ni shahada ya kwanza. Uzamili haukusogezi mbele mlangoni. Nitaketi kwenye usaili wa mchujo na wadogo zangu waliohitimu juzi, ambao masomo ya mwaka wa pili bado wanayo kichwani. Nilichokitamani tangu zamani ni kufundisha chuo kikuu. Huko mhadhiri msaidizi anatakiwa awe na GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 kwenye shahada ya kwanza na 4.0 kwenye uzamili. Ya uzamili ninayo. Ya kwanza nina 3.6, na shahada ya kwanza hairudiwi. Kwenye mashirika wanataka uzoefu wa miaka mitatu au mitano, na mkataba ni wa mradi: mradi ukiisha, na wewe umekwisha. Mkopo wa shahada ya kwanza nao unanisubiri. Siku nikiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara tayari ina mwenyewe.

Yote hayo ningeyabeba. Linaloniuma ni la baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Muheza, na ada yangu ya uzamili ilitoka kwenye kiinua mgongo chake. Hajawahi kunihimiza. Akipiga simu ananiambia, "Mwanangu, usiwe na haraka, riziki haina mlango mmoja." Lakini mama ameniambia kwamba siku hizi baba ananunua gazeti na kulisoma kuanzia kurasa za matangazo ya kazi, na akiona lenye neno bahari au uvuvi analikata na kuliweka ndani ya Msahafu wake.

Tasnifu yangu ilihusu mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza hapa Unguja mwaka 1989, pwani ya mashariki, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wakulima wake wengi mpaka leo ni wanawake. Wanalima aina mbili, spinosamu na kottoni. Kottoni ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo inayokufa. Inataka maji ya baridi zaidi, na maji ya ufukweni, pale wanapochomeka vigingi na kufunga kamba, yanazidi kupata joto. Kipimajoto changu kimewahi kunionyesha nyuzi 34 adhuhuri, maji yakiwa yamekupwa. Matawi yanageuka meupe, yanalegea, yanakatika, na mawimbi yanayachukua. Wenye mashamba wengi wamebaki na spinosamu, inayovumilia joto lakini bei yake ni ya kusikitisha.

Dawa yake inajulikana kwa sehemu kubwa. Kottoni ikipelekwa kwenye kina kirefu, ndani ya neti za mirija zisizoruhusu matawi kupotea, inakua. Ila kina kirefu kinataka chombo, na kinataka mtu anayejua kuogelea, na akina mama wengi niliofanya nao kazi hawakufundishwa kuogelea utotoni kama walivyofundishwa kaka zao. Tasnifu nzima imejaa majedwali, na hakuna hata ukurasa unaosema ngalawa itatoka wapi.

Baada ya mahafali nilirudi Jambiani, kijiji cha pwani hiyo ya mashariki nilikofanyia utafiti, kuwaaga na kuwashukuru wakulima. Nikamwamkia bibi mmoja ambaye shamba lake nililipima kwa muda mrefu kuliko yote. Akaitikia marahaba, akanipongeza, akanishika mkono, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Haya mwanangu, chuo umemaliza. Maji yetu yamepoa?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Maswali ya ndugu zangu yananitia aibu, lakini swali la bibi yule limenipa sababu ya kuendelea kupanga chumba hiki. Ndipo nilipoanza kuona kwamba woga wangu ni wa aina mbili. Mmoja ni wa kukosa mshahara, na huo ni wa kweli, asinidanganye mtu kwamba moyo wa kujitolea unalipa kodi. Wa pili ni wa kupata mshahara mahali ambapo haya yote niliyoyajua yatalala kabatini. Huu wa pili sijawahi kumweleza baba.

Wenzangu kadhaa wanaomba ufadhili wa uzamivu. Nami nimeandika barua ya maombi nikaifuta. Nilipoisoma niliona haina swali la utafiti ndani yake; ina mtu anayetaka apangiwe tarehe tena. Nitaomba, lakini nitakapokuwa na swali ninaloweza kumsomea bibi wa Jambiani akalielewa.

Kwa sasa nimekubali kazi ya udadisi, kuzunguka majumbani na kishikwambi kujaza dodoso la utafiti wa watu wengine. Ni posho ya siku, haina mkataba. Nimeomba siku zangu zipangwe kipindi cha maji mafu, bahari isipokupwa sana, kwa sababu bamvua ikifika maji yanatoka mbali na akina mama wanashuka mashambani, na nataka niwe nao. Kaskazi inakaribia, ndio msimu wa joto kali. Kuna kikundi kilichokubali tujaribu neti moja kwenye kina, na mvuvi mmoja, mtoto wa mwanakikundi, ametuahidi ngalawa siku ambazo haendi kuvua. Wanakikundi wanne wanataka kujifunza kuogelea, mradi wapate mtu mzima wa kike wa kuwafundisha na mahali pasipo na macho ya watu. Mahali tumeshapata. Mwalimu bado.

Maombi ya kazi sijaacha kutuma. Wiki hii nimetuma mawili, moja Tanga na moja Mafia, na baba nimempigia nikamsomea yote mawili.