Dakika tatu za kunyamaza: nilivyofunga simu ya upepo kwenye boti yangu

Boti yangu ni ya mbao. Inabeba dagaa kutoka visiwa vya Ukerewe kwenda Mwaloni Kirumba, Mwanza. Miaka mingi usalama wetu ulikuwa simu ya mkononi iliyoviringishwa kwenye mfuko wa nailoni. Usiku mmoja injini ikazima katikati ya maji, mtandao hakuna, mawingu yanapanda. Ziwa Victoria lina tabia yake: usiku upepo wa nchi kavu hushuka kutoka pande zote ukakutana juu ya maji, ndiyo maana dhoruba nyingi hupiga kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, saa zile zile wavuvi wa dagaa wako nje na taa zao. Tulielea mpaka kukakucha, mtumbwi wa wavuvi wa sangara ukatuokota. Nilipokanyaga mchanga nikaapa: lazima simu ya upepo, yaani redio ya kuongea boti kwa boti.

Kununua si kazi. Nikafuata kibali TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nikaifunga karibu na usukani, betri ya volti 12. Kusikia inasikia vizuri, ila nikibonyeza kitufe cha kuongea kioo kinafifia, redio inazima. Fundi akasema betri imekufa. Nikanunua nyingine, mambo yakawa yale yale. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye waya. Redio ya wati 25 ikiwa inasikiliza tu hula chini ya ampea moja. Ikirusha sauti huvuta tano hadi sita. Mimi nilitumia waya wa spika, mwembamba kama uzi, mita saba kwenda na saba kurudi, umeme ukawa unaishia njiani. Nikavuta waya mnene kutoka betri moja kwa moja, nikaweka fyuzi, ikaongea.

Antena nayo nilikuwa nimeifunga ubavuni, usawa wa kiuno. Mawimbi ya redio hizi yanakwenda karibu kama jicho linavyoona: boti mbili zenye antena mita 1.5 juu ya maji hupoteana zikiachana kama kilomita 10, zikiwa na antena mita 4 zinasikilizana hadi 16 hivi. Nikasimamisha mlingoti.

Basi nikawa na redio safi. Nikaita Chaneli 16, ile ya dharura, kimya. Nikaita tena kesho yake, kimya.

Nikaenda kumlalamikia mjomba, opereta mstaafu wa redio aliyewahi kufanya kazi kwenye meli za bahari enzi za Morse, zile alama za mkato na nukta. Akacheka. Akasema ziwa hili halikuanza jana: Mwanza na Bukoba zilikuwa na vituo vya simu ya upepo tangu enzi za Wajerumani, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. "Mashine unayo, mwanangu. Huna sikio upande wa pili."

Akanipa kisa cha Ziwa Michigan, Marekani. Tarehe 9 Septemba 1910 kivuko cha mabehewa ya reli, Pere Marquette 18, kilijaa maji katikati ya ziwa. Nahodha akaamuru mabehewa yasukumwe majini ili chombo kiwe chepesi, opereta akabaki kwenye mashine akiita msaada. Kivuko mwenzake, Pere Marquette 17, kikaja, watu zaidi ya 30 wakaokolewa. Opereta mwenyewe alikufa. Miaka miwili baadaye meli ya Titanic, ikizama, ikaita vilevile, lakini kwenye Californian, meli iliyokuwa jirani, opereta wa pekee alikuwa ameshazima mashine na kulala.

Ndipo akanionyesha saa yake ya zamani ya ukutani, ina vipande vyekundu: dakika ya 15 hadi 18 na ya 45 hadi 48 za kila saa. Dakika hizo, kwenye masafa ya kilohezi 500 yaliyokuwa ya dharura, kila opereta alinyamaza na kusikiliza tu, ili hata mwito dhaifu usikike.

Hiyo nikaiiba. Niliwashawishi manahodha watatu wa njia yetu wanunue redio, tukapatana hivi: kila saa kamili na kila nusu saa, dakika tatu, injini chini, yaani iungurume polepole tu, masikio kwenye 16. Porojo zihamie Chaneli 72. Injini chini ndiyo ilileta ugomvi, maana ile kelele ikiwepo husikii hata ukipigiwa ngoma. Vijana wangu walinuna: "Bosi, tunachoma mafuta bure." Wiki ya tatu mmoja wa manahodha akaacha, akarudi mvua zilipoanza.

Mwezi wa pili baada ya hapo, saa nane na nusu usiku, tulikuwa tumepunguza injini. Sauti ikaja imekwaruza: ubao umeachia, maji yanaingia, anaona taa za Ukara mkono wa kushoto. Tulimfikia baada ya dakika arobaini, wanaume wanne wakichota maji kwa ndoo. Tukamfunga kamba. Magunia ya dagaa yaliloa yote, chombo kikafika.

Nilipomsimulia mjomba, aliuliza kwanza kama niliandika saa ya mwito kwenye daftari. Sikuandika. Alinisema karibu nusu saa, na sasa daftari linaning'inia kwa uzi pembeni ya redio, na peni yake.