Kwenye intavyuu ya fudi stempu, sema hali yako ilivyo

Watu wananiuliza sana kuhusu fudi stempu, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, hapa Texas, na naona wengi wanakwama sehemu moja tu, simu ya intavyuu. Fomu wanajaza vizuri, watoto wanawasaidia kwenye kompyuta, karatasi za mshahara wanapiga picha wanatuma, halafu ofisi inapiga simu na hapo ndo mambo yanaharibika.

Sisi tumelelewa kwamba ukiulizwa hali unasema nzuri tu tunamshukuru Mungu, hata kama jana mmelala na chai ya rangi. Nimekaa na mama mmoja jirani akiwa kwenye hiyo simu, anaulizwa chakula kipo nyumbani? anajibu kipo, tunashukuru. Hela mwezi huu imetosha? tunajitahidi. Na kodi ya nyumba hajamaliza kulipa na kazini wamempunguzia masaa! Jamani yule kesiwoka, mfanyakazi wa ofisi anayeshughulikia ombi lako, hakupiga kukujulia hali, anataka namba, na anaandika kile ulichosema. Kusema shida yako pale hakukupunguzii heshima hata kidogo.

Tena bili zenu zina uzito kuliko mnavyodhani. Kabla hawajaamua mpate kiasi gani wanapunguza kwenye kipato chenu sehemu ya kodi, umeme, hela ya kumlipa anayebaki na watoto ukienda kazini, na mzee wa miaka 60 na zaidi gharama za matibabu anazolipa mwenyewe zikizidi dola 35 kwa mwezi nazo zinaingia. Usipozitaja hakuna wa kukutajia.

Mkalimani ni bure, ni haki yako, ukipokea simu sema tu Swahili watamtafuta. Na kama mkalimani ni wa Nairobi na wewe ni wa Uvira na hamsikilizani, sema hamsikilizani, usiitikie ndiyo ndiyo ili simu iishe. Na tafadhali msimpe mtoto wa darasa la nne kutafsiri mambo ya madeni ya wazazi wake, inamuumiza yule mtoto.

Swali la mnaishi wangapi nalo linachanganya sana nyumba zetu maana huwa tumejaa. Wanachotaka kujua ni nani wananunua chakula na kupika pamoja. Mume na mke wanahesabiwa pamoja, na watoto walio chini ya miaka 22 wanaokaa na wazazi hivyo hivyo, hata wakijipikia. Ila shemeji anayelala sebuleni na kujinunulia chakula chake anaweza kuomba kivyake.

Jibu linatakiwa litoke ndani ya siku 30. Ila kama kipato cha mwezi kabla ya makato hakifiki dola 150 na hela mliyonayo mkononi na benki haizidi 100, au kodi na bili zinazidi kipato na hiyo hela vikijumlishwa, inatakiwa muanze kupata ndani ya siku 7. Ndo maana ile tunajitahidi inawagharimu.

Sasa jambo linaloniuma. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imewatoa kwenye fudi stempu wakimbizi na waliopewa hifadhi mpaka wapate grin kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, na mkimbizi anaanza kuiomba akishakaa mwaka mmoja. Mtu katoka Nyarugusu baada ya miaka mingi ya mgao wa kambi, anafika hana kazi hana gari, na ndo mwaka huo huo anaohitaji chakula zaidi anaambiwa subiri. Mimi naona ni ukatili na nasema wazi. Lakini kama kuna mtoto aliyezaliwa hapa, yeye ni raia, muombee, kutokustahili kwa mzazi hakumfungii mtoto. Na ukishafikisha mwaka usikae na fomu ya grin kadi mezani, itume.

Barua ya kukataliwa msitupe. Mnazo siku 90 za kuomba kesi isikilizwe upya, na mara nyingine unakuta sababu ni karatasi moja tu iliyokosekana. Kama kuna barua hujaielewa njoo nayo Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, tunakaa nyuma ya kanisa tunazisoma pamoja, na uje na bili ya umeme pia.