Siku moja maishani mwangu: jioni ya kuonja bia, baa kwa baa

Nimeajiriwa na msambazaji wa vinywaji kukagua ubora wa bia ya bomba katika baa za mitaani. Marafiki huniita mlevi anayelipwa mshahara, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo huifanya nikiwa nimechuchumaa nyuma ya kaunta, tochi mdomoni, nikifuatilia mpira unaopitisha bia, unakotoka na unakoelekea.

Saa nane mchana. Naoga kwa sabuni isiyo na harufu na sijipaki manukato. Kahawa niliinywa asubuhi na mapema, kwa maana ulimi uliotoka kwenye kahawa hausemi kweli. Mkobani natia kipimajoto, daftari, karatasi za litmasi, chupa kubwa ya maji na glasi mbili nilizoziosha mwenyewe. Kila bia naionja kiasi cha mililita 50 tu, nikianzia nyepesi na kumalizia nzito. Waonjaji wa mvinyo hutema, ila sisi wa bia humeza kidogo, kwa sababu sehemu ya harufu hupanda puani baada ya funda kupita kooni. Ndiyo maana gari hubaki nyumbani.

Saa kumi. Baa ya kwanza ina mabomba manne, na mhudumu wake amechoka kumwaga povu kwenye sinki. Ananieleza kwamba amepunguza gesi mara tatu wiki hii na kila mara hali imezidi kuwa mbaya. Kegi, yaani pipa la bia, iliyo chumbani ina nyuzijoto 3 za Selsiasi, lakini bia inayofika kwenye glasi ina nyuzijoto 9, na nikiufuata mpira naona kwamba sponji iliyouzungushia imebanduka pale unapopita nyuma ya friji, ambapo mota inapuliza hewa ya moto mchana kutwa. Bia inapopata joto hushindwa kuishika gesi yake, na mgandamizo unapopunguzwa gesi hiyo hutoroka kwa urahisi zaidi, kwa hiyo kadiri alivyoifunga regyuleta, kifaa cha kudhibiti gesi, ndivyo alivyojiongezea povu. Tunairudisha regyuleta ilipokuwa, tunaufunika mpira upya, kisha tunasubiri. Nikiwa hapo naonja laga ya rangi ya dhahabu, ya jamii ile aliyoipika mpishi wa bia Josef Groll mjini Plzeň, katika Ucheki ya leo, mwaka 1842. Kwa ukaguzi naipenda kuliko zote, maana haina kimea kilichokaangwa wala uchungu mwingi wa hopi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, wa kufunika kasoro.

Saa kumi na mbili jioni. Baa ya pili ina mabomba matatu na sina la kuisema vibaya. Bia yao ya ngano inanukia ndizi mbivu na karafuu, harufu ambazo wateja wengi hudhani zimetiwa kumbe ni kazi ya hamira yenyewe. Naondoka baada ya nusu saa.

Saa moja na nusu usiku. Baa ya tatu ina mabomba sita, na hapa ndipo jioni yangu inapokwama. Bomba la nne linatoa laga yenye harufu ya siagi. Naifunika glasi kwa kiganja, naipasha joto kidogo mikononi, naizungusha, kisha nafunua: siagi tupu, na ulimini utelezi kama wa mafuta. Mhudumu ananusa mara mbili na kutikisa kichwa.

“Kaka, mimi sisikii kitu. Kama ipo, basi ni ya kiwandani.”

Simlaumu, kwani kuna watu wengi ambao pua zao haziipati harufu ya daiasetili, kemikali inayonukia siagi, hata ikiwa kali. Tena anaweza kuwa na haki: hamira huitengeneza daiasetili bia inapochachuka, kisha huila yenyewe ikiachiwa muda wa kutosha, na mpishi mwenye haraka huifungasha kabla kazi hiyo haijaisha. Hata hivyo, wapo pia bakteria wa asidi ya laktiki ambao hujenga utando ndani ya mipira michafu na kutoa siagi hiyohiyo. Ili kuamua shauri, naingia chumba baridi na kuchota bia moja kwa moja kutoka kwenye kegi kwa bomba fupi la mkono, kisha naziweka glasi mbili kaunta, ubavu kwa ubavu. Ya kegini ni safi kama asubuhi. Ya bombani ni siagi. Bia ni ileile, iliyopikwa siku ileile, na iliyoharibika imeharibikia kwenye mita chache za mwisho.

“Mipira ilisafishwa lini, ndugu yangu?”

Anatazama dari. Mipira hutakiwa kusafishwa kila baada ya siku 14, na makadirio yake ni kama miezi miwili. Tunazungusha maji yenye kostiki, dawa kali ya kusafishia, kwa dakika 15, na kinachotoka kwanza kina vipande vya utando wa rangi ya chai. Halafu tunasuuza mpaka litmasi ithibitishe kwamba hakuna dawa iliyobaki. Harufu inapungua, lakini haiishi.

Saa tatu na nusu. Baa ya mwisho ina mabomba mawili, moja likiwa la bia nyeusi inayosukumwa kwa mchanganyiko wa naitrojeni. Naitazama ikitulia, viputo vya pembeni vikionekana kushuka badala ya kupanda, kwa kuwa vile vya katikati huinua bia na bia hiyo hurudi chini kupitia kingo. Sichoki kuitazama. Dirishani kuna chupa za kijani zilizopangwa kama pambo, zimeota jua tangu sijui lini. Mwanga umekwishazigusa hopi, na aliyefungua moja mbele yangu amepata harufu ya kicheche. Namwomba mwenye baa azitoe pale.

Saa tano usiku. Nyumbani najaza fomu. Bia 15, jumla mililita 750. Fomu ina nafasi ya namba ya toleo la kiwanda na tarehe ya kufungashwa, lakini mipira haimo. Kama kawaida naandika pembeni, kwa herufi ndogo: baa ya tatu, mpira wa nne, ubadilishwe.